Kitabu cha Wenye Utungu

Mwandishi ambaye kitabu chake hakisomwi ni kama mwenye karamu aliyekosa wageni. Sufuria zinapoa mbele yake, na kinachomuumiza zaidi ni ile harufu nzuri. Hivyo ndivyo alivyokuwa Fraji Uzan mjini Sousse, nchini Tunisia, majira yale ya baridi, miezi kadhaa baada ya kitabu chake kutoka kiwandani.

Mchana alikuwa karani wa mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni. Jioni alirudi kwenye chumba chake juu ya duka la mshona viatu, akawasha taa na kukaa na vitabu vyake mwenyewe, vimepangwa kutoka sakafuni hadi dirishani, vikiwa vimefungwa kwa kamba vile vile kama mchapaji alivyovileta. Ilikuwa hadithi moja ndefu, *Kwenye Kizingiti*, na aliiandika kwa Kiarabu cha nyumbani, kile wanachokisema Wayahudi wa kusini wakigombana na wakibembeleza watoto. Aliiandika kwa herufi za Kiebrania, kwa sababu hizo ndizo herufi alizofundishwa akiwa wa miaka mitatu, umri wa kunyolewa nywele za kwanza, na hakutaka kuandika maneno ya mama yake kwa herufi za watu wengine.

Hapo ndipo alipojiponza. Rafiki zake wa mkahawani, vijana wenye tai na magazeti ya Paris, walikipindua kitabu kama samaki asiyejulikana.

"Fraji, ndugu yangu," alisema mmoja wao, "lugha hii ni ya kununulia vitunguu. Nani atalia kwa lugha ya vitunguu?"

"Watu hulia kwa vitunguu kila siku," Fraji alijibu. Walicheka, wakamlipia kahawa, na hawakununua kitabu.

Wacha Mungu nao walisoma ukurasa wa kwanza, wakaona mstari wa maandiko juu yake unaosifu kizingiti cha nyumba ya Mungu, wakafurahi. Walipofungua wa pili wakakutana na kijana aliyeacha kusali, wakakifunga polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alichomkuta mwenzake akiwa uchi. Basi kwa wale kitabu kilikuwa cha kizamani mno, kwa hawa kilikuwa cha kisasa mno, na Fraji akabaki katikati kama mtu aliyeshuka kwenye gari moshi kituo kisicho chake.

Nakala moja tu ilikuwa imesafiri. Alimpa Bishi, mchuuzi wa vitambaa, ampelekee mama yake Gafsa. Mama hakujua kusoma. Mabinti wa kizazi chake hawakufundishwa. Lakini Fraji alitaka kitabu kiwe ndani ya nyumba ile.

Asubuhi moja Bishi aliingia ofisini na marobota yake mabegani, akapiga kelele kabla hata ya kusalimu.

"Wewe! Unakaa hapa kuandika mapipa ya mafuta, na kule kwetu kitabu chako hakilali nyumba moja mara mbili!"

Fraji aliweka kalamu chini. "Gafsa? Wanakisoma?"

"Kinagombaniwa! Wakati wa sikukuu ya Vibanda shangazi yangu nusura ashikane nywele na mke wa sonara kwa ajili yake. Mama yako ana foleni mlangoni kama mwokaji."

Kwa furaha, Fraji hakugundua kwamba Bishi hakujibu swali lake. Usiku ule hakuona usingizi. Aliwaza ua wa nyumba yao, wanawake wameketi na mapaja yamejaa ngano, mwana wa fulani anayejua kusoma yuko katikati yao, na hadithi yake inapita kutoka kinywa hadi sikio kwa lugha ile ile iliyotoka. Kumbe wasomaji wake walikuwako! Ila hawakuwa mkahawani. Aliomba ruhusa kwa tajiri wake, akapanda gari moshi kwenda Sfax na kutoka Sfax kwenda Gafsa, amekaa kati ya vibarua wa migodi ya fosfeti waliolala vinywa wazi, yeye peke yake akitabasamu dirishani kama mwendawazimu.

Mama yake, Meiha, alimpokea mlangoni kwa mikono yenye unga.

"Niwe kafara yako, mwanangu! Umekonda. Huko Sousse wanakula nini, upepo?"

"Wanakula, mama. Mimi ndiye nasahau."

"Mtu husahau mwavuli. Tumbo unalisahauje, nawe unatembea nalo?" Alimbusu kichwani, machoni, kichwani tena, akamtemea mate ya uongo kumkinga na jicho baya. Alionekana mwenye afya. Tena alivaa mtandio mpya wa hariri, jambo ambalo Fraji hakuwahi kuliona tangu baba yake, mchambua sufu, alipofariki.

Macho yake yalikwenda kwenye rafu ya ukutani. Kitabu cha sala cha marehemu baba kilikuwapo. Chake hakikuwapo.

"Mama, kitabu changu kiko wapi?"

"Kipo kazini."

"Kazini?"

"Kwa jirani Kamuna. Mkwe wake Zaira ameshikwa na utungu tangu alfajiri."

Fraji alimsogelea. "Anasoma akiwa na utungu?"

Meiha alimtazama, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Asome na nini, na miguu? Zaira hajui alifu. Kiko chini ya mto wake, mwanangu, kichwani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Njoo, njoo ukaone baraka uliyoileta mtaani!"

Fraji alimfuata. Njia ya kwenda kwa Kamuna ni fupi, lakini aliiona ndefu. Alianza kuelewa, na kila alivyoelewa ndivyo alivyozidi kutaka asielewe. Hata hivyo sehemu moja ya moyo wake ilikuwa bado inabishana: labda wanakiweka chini ya mto wakishamaliza kusoma.

Uani kwa Kamuna kulikuwa na wanawake, moshi wa ubani na maji yanayochemka. Mwanamume haingii, basi alisimama nje ya pazia. Alisikia sauti ya Toita mkunga ikifoka, "Sukuma, binti, unamwogopa nani? Mwandishi wa kitabu mwenyewe amekuja!" Kisha kilio chembamba kikapasua hewa, na vigelegele vikafuata.

"Msichana!" Kamuna alitoka akiwa amelowa jasho, amembeba mtoto mikononi kama mkate wa moto. "Msichana, na mwezi wa wasichana unaandama kesho kutwa! Vidole vitano machoni mwa wenye husuda! Fraji, mwana wa Meiha, Mungu akupe umri. Kitabu chako kimezalisha watatu sasa. Kwanza binti wa mfua sufuria, halafu yule mjukuu wangu wa Tozeur aliyekatiwa tamaa hata na daktari wa Wafaransa, sasa huyu. Hakijashindwa!"

"Nani alikwambia kinazalisha?" Fraji aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nani aniambie? Kina herufi za Torati. Ndugu yangu Nesim alifungua ukurasa wa kwanza, akaona maneno ya Mungu, akakibusu. Na mama yako alikilalia wiki nzima alipokuwa na homa, akaamka. Twahitaji nani tena?"

Toita alikileta kikiwa kimefungwa katika kitambaa cheupe. Fraji alikifungua. Jalada lilikuwa limeingia mafuta na hina, na pembeni kulikuwa na alama ya kidole cha mtu aliyekishika kwa nguvu. Akajaribu kufungua katikati. Hakikufunguka. Mchapaji wa Sousse alikuwa akitoa vitabu vyake kama wachapaji wote wa siku zile, karatasi zikiwa zimekunjwa na kushonwa, na msomaji ndiye anayepitisha kisu kwenye mikunjo. Hakuna kisu kilichopita hapa. Toka ukurasa wa pili hadi wa mwisho, hadithi yake ilikuwa imefumba mdomo.

"Mama, mbona hamkukata kurasa?"

Meiha alishtuka. "Nipitishe kisu kwenye kitabu kitakatifu? Mimi ni nani?"

Wanawake waliitikia kwa kutikisa vichwa. Fraji akatabasamu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akitabasamu. Kamuna alivuta mto mkubwa wenye nakshi, akauweka mahali pa heshima karibu na mlango wa mzazi, akamketisha Meiha juu yake.

Huo mto ndio uliomkata Fraji ulimi. Alikumbuka harusi za utotoni mwake. Mama yake, mjane wa mchambua sufu, alikuwa akiitwa mapema kuchekecha ngano ya watu, na karamu ikianza alikaa penye viatu, pale mlangoni wageni wanapovulia, akila haraka na kuondoka kabla hajaombwa kuosha vyombo. Leo alikuwa ameketi wima, mtandio umeanguka vizuri begani, na mke wa sonara mwenyewe, Mennana, mwanamke ambaye bangili zake husikika kabla hajafika, alikuwa akimmiminia chai.

Fraji angefanya nini? Aseme, enyi mama zangu, hiki mnachokilalia ni hadithi ya kijana anayesimama nje ya sinagogi usiku wa Kipur, siku ya kufunga na kutubu, na haingii? Angeurudisha ukweli mahali pake, na mama yake penye viatu. Alikunywa chai. Ilikuwa tamu kupita kiasi.

Siku mbili zile aliishi kama mgeni wa heshima katika msiba ambao hakuna ajuaye nani amekufa. Kila alipopita, wanawake walimwombea dua na kugusa koti lake. Wanaume wachache waliokuwapo, maana wengi walikuwa wakishinda wiki nzima nje wakiuza na kutengeneza vitu katika makambi ya migodi, walimsalimu kwa kuinama kidogo. Hakuwahi kuheshimiwa hivyo maishani. Wala hakuwahi kuwa peke yake hivyo. Kule Sousse walau waliomkataa walijua wanakataa nini.

Jioni moja mama yake alimwambia akikoroga mboga, bila kugeuka, "Baba yako alisikitika hadi siku ya mwisho. Alikuwa akisema, 'Meiha, nimechambua sufu ya mji mzima, na hakuna hata uzi mmoja utakaosema jina langu.' Sasa wanalisema. Uzan. Wanalisema katika utungu."

Fraji alimsogezea chumvi.

Ikafika siku ya wasichana, ule mwandamo wa mwezi ndani ya sikukuu ya Taa, ambapo katika nchi ile mabinti hupewa zawadi na wanawake hawashiki kazi. Kwa mara ya kwanza wanawake wa uani walichagua kukutana kwa Meiha. Alikaanga maandazi ya pete tangu asubuhi, akayazamisha kwenye asali. Wengine wakaleta maboga, tende zilizojazwa lozi, na chupa ndogo ya pombe ya tini ambayo kila mmoja alidai ni ya mwenzake. Walicheka, wakaimba, wakamsengenya mkwe wa mtu ambaye hakuwapo. Kisha Kamuna akapiga makofi.

"Fraji! Mwanamume pekee aliyeruhusiwa humu leo, usikae kama paka wa jirani. Tusomee. Tumekilalia kitabu, sasa tukisikie."

"Ndiyo, tusomee!" alisema Mennana, bangili zikilia. "Kidogo tu, tupate thawabu. Siyo kirefu, nina unga nyumbani."

Fraji alimtazama mama yake. Meiha aliinuka. Alikwenda jikoni, akarudi na kisu kidogo cha kumenyea, ameshakiosha na kukikausha, akakishika kwa ncha na kumpa mwanawe mpini.

"Wewe ndiwe mwenyewe," alisema. "Mkono wako hauna dhambi juu yake."

Fraji alipitisha kisu kwenye mkunjo wa kwanza. Karatasi ilitoa sauti ya kukwaruza, na mwanamke mmoja akanong'ona jina la Mungu. Akakata wa pili, na wa tatu. Maneno yake yakamtazama. Aliyajua yote; hapa alikwama siku tatu, hapa alicheka peke yake chumbani. Wasikilizaji aliowaota alipokuwa kwenye gari moshi walikuwa mbele yake, wameketi chini, wamejifunika magoti, na lugha ya kitabu ilikuwa ndiyo lugha yao. Ilikuwa afungue kinywa tu.

Akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa Kiebrania, sala ya alfajiri aliyokuwa akiisema baba yake, ndefu, yenye kupanda na kushuka. Macho yalifuata mistari, kidole kilisogea, hata ukurasa aliugeuza. Wanawake hawakuelewa neno, lakini mlio ule waliujua tangu tumboni. Kamuna alilia. Zaira, aliyeletwa pamoja na mtoto wake amefungwa shali, alikiinua kichwa cha mtoto kidogo ili asikie. Mwishoni wote wakasema amina, wakaja mmoja mmoja kugusa jalada na kubusu vidole vyao.

Walipoondoka, mchana ulikuwa unaelekea jioni. Meiha alikusanya sahani, akapangusa asali, akawasha mafuta katika taa za sikukuu zilizowekwa dirishani. Hatimaye alikaa mbele ya mwanawe.

"Ile ilikuwa sala ya baba yako."

Fraji alikishika kitabu magotini.

"Bishi aliniambia umeandika kwa lugha ya jikoni mwangu. Nikasema haiwezekani, nani huandika hivyo? Akaapa. Fraji, nimekaa hapa leo nikingoja nisikie neno moja ninalolielewa. Moja tu. 'Chumvi'. 'Mlango'. Chochote. Hukunipa."

"Mama, si kitabu cha kusomewa wanawake wale."

"Wale wamekwenda. Nimebaki mimi."

"Utaumia."

"Mwanangu, nimezaa watano nikazika wanne. Unadhani ulinipa kitabu cha kutafutia usingizi?"

Basi akasoma. Alianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama kosa dukani, na alipofika kwa kijana wa hadithi, Shushan, anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, sauti yake ilitulia. Alisoma jinsi Shushan alivyosimama ng'ambo ya barabara jioni ya Kipur, akiwaona watu wanaingia na nguo nyeupe. Haingii, kwa sababu hawezi kusema uongo mbele ya Mungu ambaye hana hakika kama yupo. Haondoki, kwa sababu hana mahali pengine ulimwenguni ambapo watu huimba nyimbo anazozijua. Alisoma juu ya msichana Mtaliano anayeshona kwa cherehani dirishani juu yake, ambaye alimwuliza kama amepotea. Alisoma ndoto ya Shushan, ambamo mama yake analia mlangoni huku kijiji kizima kikisikia.

"Ngoja," alisema Meiha. "Mama huyu analia tena?"

"Tena?"

"Alilia alipoondoka, akalia kwenye barua, sasa analia ndotoni. Mwanamke huyu hana kazi nyingine? Siku uliyoondoka mimi nilikuwa nakaanga samaki. Nilikuwa na hasira na wewe, mafuta yakaniunguza hapa." Alionyesha kovu juu ya kifundo cha mkono. "Andika hilo. Machozi kila mtu anayo."

Fraji alihisi uso wake unapata joto. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno lolote la kweli juu ya hadithi ile. Rafiki zake walikuwa wameidharau bila kuisoma, wacha Mungu wakaikimbia, na sasa mtu wa kwanza kuisikia alikuwa amepata kasoro yake katika saa moja. Ilimuuma, na alitaka imuume zaidi.

Kisha mama yake akauliza, kwa sauti nyingine, "Na siku ile ya Kipur, Shushan alikula?"

"Hakula. Alifunga. Hakujua kwa nini."

"Na wewe?"

Miali ya dirishani ilitikisika. "Mimi pia, mama."

"Lakini huingii."

"Siingii."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka nilioondoka."

Meiha alifunika uso kwa mtandio mpya wa hariri. Alipozungumza, sauti ilitoka ndani ya kitambaa.

"Miaka yote hiyo nakuombea mahali sinagogini. Nilikuwa nasema, ee Mola, mwanangu ni mgeni huko, mpatie mahali karibu na ukuta, aegemee, asisimame siku nzima na njaa. Kumbe ulikuwa umesimama."

Fraji alitaka kumshika mkono. Kabla hajaunyoosha, mlango uligongwa, na bangili zikasikika.

Mennana aliingia bila kungoja kukaribishwa, uso umempauka. "Meiha, kitabu! Binti yangu Luna ameshikwa na utungu kabla ya siku zake. Chupa imevunjika, maji yametoka yote. Nipe upesi."

Kitabu kilikuwa wazi juu ya magoti ya Fraji. Meiha alisimama. Alikwenda kwenye rafu, akachukua kitabu cha sala cha mumewe, akakifunga katika kitambaa cheupe na kumpa.

"Hiki cha marehemu nakijua," Mennana alisema, akikirudisha. "Kimekaa hapo miaka yote hakijafanya lolote. Nataka kile."

"Kile si kitakatifu."

"Mama," alisema Fraji, amenyanyuka nusu. "Mama, mpe. Haidhuru."

"Inadhuru. Luna akikilalia na ikawa vibaya, nitamwambia nini Mungu, kwamba sikujua? Sasa najua." Akamgeukia Mennana. "Ni hadithi, dada. Ni ya kijana aliyeacha kusali. Mwanangu ameiandika. Chukua hiki cha sala, kimbia, na mimi nitafika sasa hivi."

Mennana alimtazama Meiha, kisha Fraji, kisha kile kitabu chenye hina jaladani.

"Kwa hiyo mkwe wa Kamuna... tulimlaza juu ya hicho?"

"Mlimlaza. Na Mungu akampitisha salama hata hivyo. Lifikirieni hilo nanyi."

"Mungu akusamehe, Meiha. Maana sisi..." Hakumaliza. Alikishika kitabu cha sala kifuani na kutoka, na bangili zikasikika mpaka mwisho wa kichochoro.

Meiha alivaa viatu. Fraji alisema, "Watakurudisha penye viatu, mama."

"Penye viatu napajua," alisema. "Pana upepo."

Alikwenda. Baada ya muda alirudi, amefukuzwa. Hakusema amefukuzwa, alisema tu kwamba pale wako wengi, hawahitaji mikono. Alipakua chakula, wakala.

Asubuhi habari ilifika kisimani kabla ya ndoo. Luna alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mdogo kama kiatu lakini hai, na hilo lilikuwa jambo la shukrani. Lakini hakuna aliyekuja kumwambia Meiha, alilisikia likisemwa ng'ambo ya ukuta. Mashuka ya Zaira, yaliyokwisha kufuliwa, yalikuwa yamechemshwa upya na kuanikwa uani. Kamuna alipomwona Meiha anakuja na ndoo alishughulika sana na kamba. Toita alisema, "Asubuhi njema," kwa sauti ya kumwambia mtu aliye mbali. Wengine walivuta maji yao wakaondoka, na ua ukabaki mkubwa.

Fraji alitoka amsaidie. Alikuwa hajalala, naye alikuwa amefanya uamuzi: angebaki hadi Sabato, aketi na mama yake uani mbele ya watu wote, wamwone. Kilikuwa kitu kidogo, lakini ndicho alichokuwa nacho. Alishika kamba ya ndoo. Walivuta pamoja, bega kwa bega, katika ukimya ambao ungeweza kusikika hadi migodi ya Metlaui.

"Yule msichana," Meiha alisema ghafla.

"Msichana gani, mama?"

"Wa cherehani. Mtaliano. Alimfungulia mlango?"

Fraji aliangalia maji. "Sijui. Hadithi inaishia Shushan akiwa ngazini kwake."

Meiha aliachia kamba, akaweka mikono kiunoni, na ndoo ikashuka tena kisimani kwa kishindo.

"Hujui? Hujui vipi, nawe ndiye uliyemweka ngazini?"